Wimbo wa Jikoni, Daftari la Kabatini



Mara nyingi hapa huwa tunazungumza habari za chanjo, lishe ya watoto, shinikizo la damu na usafi wa nyumba. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie vitu ambavyo havimo katika kabati la dawa, lakini kwa miaka tuliyofanya kazi wodini tumeviona vikiwatia watu nguvu pale ambapo dawa zetu zimefika mwisho wake. Navyo ni wimbo, kitabu, maandishi ya kwenye kanga na hata katuni ya gazetini.

Tukiulizwa mali zilizomo nyumbani mwetu, tutataja makochi, jokofu, televisheni na cherehani. Hakuna atakayetaja daftari la nyimbo lililo chini ya godoro, wala kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichochanika jalada, wala kanga tulizopewa na mama zetu siku ya kuagwa. Tukihama nyumba, hivyo ndivyo vinavyoachwa nyuma au vinavyowashiwa moto. Lakini ukikaa na mgonjwa usiku kucha, hutamsikia akiuliza habari za jokofu.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, akiwa kifungoni na akijua kwamba safari yake inakwisha, anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Mstari huo wa 13 huwa tunaupita haraka, tukiwa bado tunayawaza yale maneno mazito yaliyoutangulia. Lakini mtazameni mzee huyo gerezani: anataka nguo ya kumkinga na baridi, na anataka kitu cha kusoma. Sisi wauguzi tunamwelewa. Mwili una mahitaji yake, na roho nayo ina yake.

SAUTI YA KWANZA

Tuanze na wimbo, maana ndio unaotangulia. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na katika miezi ya mwisho ya mimba sauti ya mama yake humfikia kila siku. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walitoa taarifa ya jaribio lao kwa watoto wachanga wasiozidi siku tatu. Watoto hao walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti, na kwa jinsi walivyonyonya waliweza kuchagua sauti ya kusikiliza. Walinyonya kwa namna ya kuwaletea sauti ya mama mzazi kuliko ile ya mwanamke mwingine.

Kwa hiyo mama anayeimba huku akichambua mchele au akifua nguo za mtoto haimbi peke yake. Yuko anayesikiliza. Wengi wetu husema, "Mimi sina sauti," tukawaachia wanakwaya kazi hiyo. Mtoto hajali kama sauti ya mama inakwaruza. Yeye anaijua kuwa ndiyo sauti ya nyumbani.

WIMBO ULIOBAKI

Kuna bibi mmoja tuliyemhudumia, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyeletwa hospitali akiwa amepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamempotea. Alituelewa tulipomwambia afumbue mdomo tumpe uji. Lakini alipotaka kuomba maji, mdomo wake ulitoa neno moja tu lisilo na maana, lile lile kila mara, naye akalia kwa uchungu. Binti yake, ambaye naye ni mama wa watoto watatu, alikuja kukaa naye kila siku.

Jumapili moja alasiri akina mama wa kanisa walikuja kuwaombea wagonjwa, wakaanzisha wimbo mmoja wa zamani. Bibi yule akaimba. Hakuguna wala hakunong'ona. Aliimba maneno yenyewe, ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, akiyatamka sawasawa. Mhudumu aliyekuwa akipiga deki alisimama. Binti yake alibaki ameshika kikombe mkononi, asijue pa kukiweka.

Wageni walipoondoka, binti alitufuata kwenye meza ya wauguzi. Tulidhani anataka kutuuliza kama mama yake sasa amepona. Hakuuliza hivyo. Aliuliza kama tunacho kitabu chenye wimbo ule. "Mama alikuwa akiuimba kila siku akituogesha," akasema, "nami siujui hata ubeti mmoja. Nikitaka kuimba naye nitaanzia wapi?"

Akina mama, swali hilo hatujalisahau.

Jambo lililotokea kwa bibi yule linajulikana katika utabibu. Kwa watu walio wengi usemi hutawaliwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikishambulia upande huo, mkono na mguu wa kulia hulegea, na mara nyingi maneno hupotea. Kuimba hutumia pia upande wa kulia wa ubongo, na kwa sababu hiyo wimbo uliozoeleka tangu zamani huweza kubaki hata maneno ya kawaida yakiondoka. Huko Sweden, katika karne ya 18, Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyeshindwa kusema lakini aliweza kuimba nyimbo za kanisa alizozijua kabla ya kuugua. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani walitangaza njia ya kuwasaidia wagonjwa wa namna hiyo kusema tena, kwa kuanza kuyaimba maneno, na njia hiyo inatumika hadi leo.

Si kila mgonjwa wa kiharusi anayeweza kuimba, wala hatutaki mtu aliye na mgonjwa nyumbani aache mazoezi na dawa akitegemea nyimbo. Pia wimbo unaobaki ni ule uliowekwa zamani. Ulioimbwa mara elfu jikoni na bafuni ndio unaopatikana siku ya shida. Wimbo ambao haukuwekwa hautapatikana.

Bibi yule aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na maneno machache sana ya kusema. Binti yake alikuwa amenakili wimbo wote kwenye karatasi na kujifunza kila jioni pembeni ya kitanda. Waliondoka wakiwa na beti nne za kuimba pamoja.

NYIMBO ZA KWETU

Tunajua kwamba nyimbo nyingi za vitabu vyetu zililetwa na wamisionari zikafasiriwa. Tunazipenda na zimetulea. Lakini ziko pia zilizozaliwa hapa hapa, nazo ndizo tunazozipita bila kuuliza zimetoka wapi. Wengi wenu huimba "Mfurahini, Haleluya" siku ya Pasaka. Wimbo huo uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha, akatumia sauti ya kwetu. Miaka michache baadaye ulifasiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Wazungu wanauimba kila Pasaka, na huku kwetu kuna vijana wanaodhani umetoka Ulaya!

Tuchukue pia wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, kwa ajili ya watoto wa shule yake. Alifariki mwaka 1905, na kaburi lake lilisahaulika kwa miaka mingi hadi serikali ya Afrika Kusini ilipolitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Inasimuliwa kwamba nyimbo zake alikuwa ameziandika katika daftari, na kwamba baada ya kifo chake daftari hilo liliazimwa na halikurudi. Wimbo mmoja ulisalimika kwa kuwa watu walikuwa wanauimba. Nyingine zote zilizokuwamo hatutazisikia kamwe.

Je, katika nyumba zetu hakuna madaftari ya namna hiyo? Baba aliyekuwa mwalimu wa kwaya ameandika nyimbo zake kwa noti za do-re-mi. Shangazi alitunga ngonjera za sherehe ya kanisa. Ziko kaseti za kwaya zilizorekodiwa miaka ya 1980 na 1990, ambazo sasa hazina redio ya kuzipigia na watoto wanazivuta utepe wake kwa kuchezea. Hazina bei sokoni, lakini zikipotea hakuna duka litakalotuuzia nyingine.

KANGA YENYE MANENO

Kila kanga, kama mjuavyo, ina pindo, mji na jina. Hilo jina, yaani yale maneno ya chini, ndilo andiko ambalo mwanamke wa pwani na wa bara hulivaa na kulisoma kila siku, hata kama hakumaliza darasa la nne. Ni kweli kwamba kanga nyingine ni za vijembe, zimenunuliwa ili jirani asome na kuumia. Lakini nyingi hubeba hekima ya wazee.

Nasi wa wodi ya wazazi tunakutana na kanga kuliko watu wengi. Mama akija kujifungua huleta doti yake, na mtoto akizaliwa tunamfuta, tunamweka kifuani kwa mama na kumfunika kanga. Tunaweza kusema kwamba andiko la kwanza linalomgusa mtoto ni lile. Tumewahi kumfunika mtoto kanga iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mama yake, aliyekuwa amechoka kwa uchungu wa usiku kucha, aliyasoma maneno yale akacheka mpaka machozi. Akasema, "Basi sasa nitapona."

MAMA ALIYEMWANDIKIA BINTIYE

Kutoka kwenye kanga si mbali kufika kwenye utenzi. Karibu na mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate kilichoko pwani ya kaskazini ya Kenya, aliishi mama aliyeitwa Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na alijua kwamba huenda hataishi kumwona binti yake, Mwana Hashima, akiwa mtu mzima. Akatunga utenzi wa kumwusia. Mwanzoni kabisa anamwita binti asogee karibu, akiwa na wino na karatasi. Mama huyo alifariki karibu na mwaka 1860. Utenzi wake unasomwa mpaka leo na umefasiriwa kwa lugha nyingine.

Shuleni wengi waliosoma utenzi huo waliusoma kwa ajili ya mtihani, wakahesabu vina na mizani, wakaufunga. Hawakuambiwa kwamba aliyeandika ni mama mgonjwa. Sisi tuliowaona akina mama wakituuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu watalelewa na nani?" tunausoma kwa macho mengine.

Mwana Kupona alikuwa Mwislamu na aliishi katika zama zake. Yako mambo aliyomwusia binti yake kuhusu mke na mume ambayo mama Mkristo wa leo hatayakubali yote, na si vibaya kumwambia binti yako hivyo. Someni pamoja, muulizane: hili unalionaje? Hili lingekufaa wewe? Mazungumzo hayo ni magumu kuyaanzisha, na kitabu hutupatia pa kuanzia.

Yuko pia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia maskini iliyotoka utumwani. Aliuza vyungu akipita mitaani na kunadi kwa sauti. Walikuwako waliomdharau kwa asili yake na kumwimbia nyimbo za kejeli. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, akarekodi santuri, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari Tanzania kilianzisha jarida lililoitwa Sauti ya Siti. Wapo watakaotuuliza: mwanamke Mkristo na taarabu wapi na wapi? Hatusemi kila wimbo unafaa nyumba zetu. Tunasema kwamba binti anayedharauliwa kwa kuuza vitumbua apate kuijua habari ya muuza vyungu.

NA KATUNI JE?

Wengine watacheka, lakini tunaziweka katuni humu kwa makusudi. Mtoto anayekimbia kitabu cha shule hakimbii katuni. Watu wazima wa leo wengi walijizoeza kusoma kwa Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, au kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo huko Kenya, au kwa mtundu Madenge katika jarida la Sani. Kliniki nasi tunatumia michoro. Ukimweleza mama kwa maneno matupu jinsi ya kumnyonyesha mtoto aliye mgonjwa, huenda akasahau akifika mlangoni. Ukimwonyesha picha nne zinazofuatana, anakwenda kumsimulia jirani.

Ziko katuni zisizofaa macho ya watoto, na mama aangalie kwanza. Zile njema, kaa chini uzisome pamoja nao. Mtoto akiona mama anacheka na kitabu mkononi, amefundishwa jambo kubwa kuhusu kusoma.

TUFANYE NINI?

Hatupendi kumaliza bila kuwapa kazi ya kufanya. Mwezi huu tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, chagua wimbo mmoja, wimbo mmoja tu, uuimbe nyumbani kila siku kwa wakati ule ule: unapoogesha mtoto, unapowasha jiko, au kabla ya sala ya jioni. Imba beti zote. Usiogope watoto wakikuambia wameuchoka. Wakati huo ndipo unapoingia.

Pili, mtembelee mama yako au mama mkwe wako ukiwa na kalamu. Mwombe akuimbie wimbo aliokubembelezea, au aliombembelezea mumeo. Andika maneno yake, hata kama ni ya kilugha na hujui tahajia yake. Kama simu yako inarekodi, rekodi. Bibi anaweza kukuambia, "Aa, hayo ya zamani ya nini?" Mbembeleze kidogo, ataimba.

Tatu, fungua kabati au sanduku, utoe madaftari, kaseti na vitabu vya zamani. Vikaushe, vifute vumbi, viweke katika mfuko wa plastiki mahali pasipo na panya wala mchwa. Andika juu yake ni vya nani na vya mwaka gani. Kama kwaya yenu ina kaseti moja tu iliyobaki, mtafuteni kijana anayeweza kuihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza.

Nne, ukiwa na mgonjwa nyumbani au hospitali, usimpelekee matunda peke yake. Mwulize alipenda wimbo gani, umwimbie polepole, na umpe nafasi aitikie. Akiwa haoni vizuri, msomee. Hata kama hajibu, endelea. Tumewaona wagonjwa waliodhaniwa hawasikii wakisogeza kidole kufuata wimbo.

Loisi na Yunike, bibi na mama yake Timotheo, hawakuacha kitabu walichokiandika. Majina yao tunayajua kwa sababu ya kile walichokiweka ndani ya mtoto mmoja, wakiwa nyumbani mwao, katika siku za kawaida. Huenda nao walikuwa wamechoka, na maji ya kuchota yalikuwa yanawasubiri.

Tuandikieni mtuambie mmepata wimbo gani kutoka kwa mama zenu. Mwezi ujao, Bwana akitujalia, tutarudi kwenye mambo ya kliniki na kuzungumzia upungufu wa damu kwa akina mama wajawazito. Hadi hapo, amani ya Bwana ikae nanyi na nyumba zenu.